Padri wa Miezi Mitano

Kwa miaka tisa nimekuwa mtunza sakristia wa kigango chetu, kanisa dogo la mawe lililo nje kidogo ya Karurumo, katikati ya mashamba ya kahawa na makadamia. Siku za wiki nafundisha darasa la nne. Jumamosi nafua na kupiga pasi vitambaa vya altare, nasugua kalisi, kikombe cha divai ya Misa, naangalia kama taa nyekundu ya tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia mkate uliobarikiwa, ina mafuta. Watu wengi hudhani sakristia ni chumba cha kubadilishia nguo tu. Mimi nimekaa humo hadi nimewajua mapadri kwa mikono yao. Paroko wetu hubusu stola, ule utepe mrefu wa shingoni, kabla ya kuivaa, hata akiwa amechelewa. Msaidizi wake, kijana kutoka upande wa Meru, hunawa mikono kama daktari, hadi kwenye viwiko.

Parokia yetu ina vigango vingi na mapadri hao wawili tu, kwa hiyo tulikuwa tukipata Misa mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista, mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha kahawa, alituongoza kwa masomo na sala, kisha akafungua tabernakulo na kutugawia hostia zilizobaki kutoka Misa iliyopita. Wengi walikuwa wameridhika. Mama yangu hakuridhika. Yeye alikuwa mwanamke ambaye ujanani alitembea kwa miguu hadi Runyenjes, na mimba ya kaka yangu tumboni, ili asikose Misa. Kabla sijajua kusoma alinifundisha kwamba kengele ikilia nisimwangalie mtu yeyote, niangalie mbele, kwa sababu pale mbele mkate umekoma kuwa mkate. "Na hakuna anayeweza kuufanya ukome," aliniambia, "hata chifu, hata rais. Ni padri peke yake."

Mwaka huo mama alikuwa kitandani. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imevimba, na daktari wa Embu alituambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Kitu alichokuwa akiuliza kila siku si dawa. Alikuwa akiuliza, "Fada atakuja lini?"

Mvua za masika zilikuwa zimeanza mtu huyo alipofika. Alikuja Jumapili asubuhi kwa boda boda, amevaa shati jeusi lenye kola nyeupe, viatu vimejaa matope mekundu. Alikuwa wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokufanya umsogelee ili umsikie. Alimwambia katekista kwamba yeye ni padri wa shirika fulani la watawa, kwamba alikuwa mgonjwa akapewa likizo ndefu, na anaishi kwa jamaa yake karibu na Runyenjes hadi apone. Alisikia hatuna padri siku hiyo. Akauliza kama anaweza kutusaidia.

Katekista alitokwa na machozi. Alimpigia simu padri msaidizi kumweleza kuna padri mgeni anayetusaidia, na msaidizi, aliyekuwa peke yake kwa sababu paroko alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa mgongo, akashukuru na kukata simu, na tangu hapo akatumia Jumapili zake kwenye vigango vingine. Yeye alidhani paroko ndiye aliyepanga. Sisi tulidhani msaidizi ndiye aliyekubali. Mtu wa kuuliza barua ya utambulisho kutoka jimboni hakupatikana.

Misa ya kwanza nilimtayarishia kila kitu. Alivaa haraka, bila kubusu stola, na nikajiambia mapadri hawafanani. Alihubiri juu ya mwanamke aliyegusa vazi la Yesu, akahubiri vizuri hadi wanaume waliokuwa wamesimama nje wakaingia ndani na kukaa. Wakati wa kutayarisha vipaji, yaani mkate na divai, alimimina divai na kuacha kijichupa cha maji pale pale nilipokiweka. Tone la maji huingia kwenye divai katika kila Misa. Hata watoto wa altare wanajua. Nilisema moyoni kwamba ni ugonjwa, amesahau.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, pembeni, mahali ninapokaa siku zote. Alipoinua hostia kengele ililia na wote wakainamisha vichwa. Mimi nilifanya kama mama alivyonifundisha, nikaangalia mbele. Yeye hakuwa akiiangalia ile hostia. Alikuwa akituangalia sisi, mmoja mmoja, safu kwa safu, kama mwalimu anayehesabu darasa. Macho yake yalipofika kwangu yalisimama kidogo, kisha yakaendelea.

Baada ya Misa nilimkuta sakristia ameshika korporale, kile kitambaa cha mraba kinachotandikwa chini ya kalisi. Aliinua pembe mbili na kukikung'uta sakafuni, mara mbili, kama mtu anavyokung'uta kitambaa cha meza baada ya chai.

Kitambaa hicho hukunjwa kwa ndani, taratibu, kwa sababu chembe yoyote iliyoanguka juu yake ni Mwili wa Bwana. Sijawahi kumwona padri akikikung'uta, hata wale walevi, maana walevi pia nimewaona.

"Fada," nikasema, "hicho hukunjwa."

Alinitazama, kisha akatabasamu. "Wewe ni mwalimu, sivyo? Unaniangalia sana, Mwalimu." Akanikabidhi kitambaa na kutoka kwenda kusalimia watu.

Nilipiga magoti nikaokota chembe kwa kidole kilicholowa, nikazitia kwenye maji, nikamwaga maji yale chini ya maua nyuma ya kanisa kama inavyotakiwa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nje walikuwa wakimshangilia. Mzee wetu wa kanisa alikuwa tayari amemwahidi mkungu wa ndizi.

Alikuja Jumapili iliyofuata, na nyingine. Hakuomba chochote, na hilo ndilo lililotuliza wengi, kwa sababu tulikuwa tumesikia habari za matapeli na wote huishia kwenye pesa. Huyu hata sadaka hakuigusa. Alichokitaka ni kuungamisha. Alikuwa akifika mapema, anaweka kiti chake kwenye kona ya nyuma, karibu na dirisha, na kukaa pale saa nzima kabla ya Misa. Watu walikuja hata kutoka vigango jirani. Foleni ilifika mlangoni.

Jumapili moja ya mwezi wake wa tano nasi, jirani yangu, mjane anayeuza ndizi sokoni Runyenjes, alitoka kwenye kiti kile na kuja moja kwa moja sakristia. Alifunga mlango.

"Mwalimu, fada huuliza majina?"

"Majina gani?"

"Ya watu. Nimemwambia dhambi yangu, akaniuliza ni nani niliyefanya naye. Akasema hataniondolea mpaka nimtaje."

"Na ukamtaja?"

Aliangalia sakafu. "Nilikuwa nimeshapiga magoti," akasema. "Ningefanya nini?"

Nilijua jibu. Padri haulizi jina la mtu mwingine. Nilifundishwa hivyo nikijiandaa kwa komunyo ya kwanza na nimewafundisha watoto hivyo. Lakini nilimwambia labda fada ana sababu zake. Nilimwambia aende nyumbani apumzike. Nikasikia maneno yakinitoka mdomoni na nikajua nasema hivyo kwa ajili yangu. Siku mbili kabla, mtu huyo alikuwa ameniahidi kuja kumwona mama.

Alikuja Alhamisi alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na nyumba ilikuwa na giza ingawa ilikuwa saa tisa tu, nikawasha taa. Mama alikuwa ameogeshwa na kuvikwa kitambaa cheupe cha chama cha akina mama. Nilikuwa nimetandika meza ndogo kando ya kitanda: mshumaa, msalaba, maji ya baraka. Alipomwona, uso wa mama ulibadilika kabisa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo.

"Fada, nimekungoja," akasema.

"Nimekuja, Shosho."

Aliniambia nitoke ili amwungamishe. Nilikaa jikoni nikimenya nduma ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzila. Kwa kawaida maungamo ya mgonjwa huchukua dakika chache. Sufuria ilichemka, nikaiepua, nikaiinjika tena. Kupitia ukutani nilisikia sauti yake ya chini ikiuliza, kisha ya mama ikijibu, kisha yake ikiuliza tena. Ilipita karibu saa nzima kabla hajaniita.

Nilimshikia kitabu wakati wa mpako wa wagonjwa. Alitoa kichupa mfukoni, akatia kidole gumba, akampaka mama kwenye paji la uso na viganjani. Ndipo harufu ikanifikia. Mafuta ya wagonjwa nayajua. Ni mafuta ya zeituni anayoyabariki askofu kila mwaka kabla ya Pasaka, nami ndiye ninayepokea kijichupa chetu na kukifungia kabatini. Yale aliyompaka mama yangu yalinuka kitunguu. Yalikuwa mafuta ya kukaangia, tena yaliyokwisha kutumika.

Alijua kwamba nimejua. Aliendelea kusoma bila kuinua macho, na alipomaliza akampa mama hostia aliyokuja nayo kwenye kikasha kidogo. Mama alifumba macho na kusema amina kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Nilimsindikiza hadi getini. Boda boda ilikuwa ikimngoja barabarani.

"Mwalimu," akasema, "kigango kizima kimekuja kuungama kwangu isipokuwa wewe. Kwa nini?"

"Nitakuja, Fada."

"Mama yako ni mtu mzuri sana," akasema. "Amebeba mengi." Akafunga koti lake na kuondoka.

Nilirudi ndani nikiwa na nia ya kumpigia padri msaidizi simu saa ile ile. Niliishika simu mkononi. Mama alikuwa amelala chali, ametabasamu, viganja vimefunguka juu ya blanketi vikiwa bado vinang'aa mafuta.

"Nimemaliza," akaniambia. "Nimemwambia hata kile ambacho babako hakukijua. Sasa naweza kwenda."

Ningefanyaje? Kama ningepiga simu na padri msaidizi akaja, ingebidi mama aambiwe kwa nini anaungama tena. Ningemnyang'anya amani ile kwa ajili ya harufu ya kitunguu. Nilijikumbusha niliwahi kusikia kwamba wakati wa dharura padri anaweza kubariki mafuta yoyote ya mimea. Ni kweli, anaweza. Nililishika neno hilo siku kumi na moja nzima, hadi asubuhi ambayo nilimpelekea uji nikamkuta ameshaondoka.

Mtu yule alisema ataongoza mazishi. Tukiwa katika matayarisho, padri msaidizi alipiga simu. Alikuwa amemjua mama tangu aje parokiani, akasema atakuja mwenyewe, na atafurahi kuadhimisha Misa pamoja na huyo mwenzake mgeni. Katekista alimpelekea mgeni habari hiyo kwa simu. Alijibu vizuri, akasema hakuna shida.

Siku ya mazishi padri msaidizi alifika nyumbani mapema. Hema lilikuwa limejaa, kwaya imeshaanza. Alivaa chumbani kwa mama, mahali nilipomwekea mavazi, akaangalia saa.

"Mwenzangu yuko wapi?"

Katekista alijaribu simu. Ilikuwa imezimwa.

"Anatoka jimbo gani?" padri akauliza.

Katekista akanitazama. Nami nikamtazama yeye.

"Shirika gani?"

Katekista akasema, "Fada, sisi tulijua wewe unajua."

Padri alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kile kile, akapiga simu kwa paroko, aliyekuwa bado akipona, kisha kwa ofisi ya jimbo. Alizungumza kwa sauti ndogo. Alipomaliza alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, na nje kwaya ikarudia wimbo wa kuingilia kwa mara ya tatu kwa sababu hakuna aliyetoka.

"Alimpaka mama mafuta?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Tumzike kwanza," akasema. "Tumzike vizuri."

Ilichukua wiki moja kuthibitisha. Hakuna jimbo wala shirika lililomjua. Yule jamaa wa Runyenjes alikuwa mwenye nyumba aliyempangisha chumba, na chumba kilikuwa kitupu. Jumapili iliyofuata padri msaidizi alitusomea tangazo baada ya Misa, akalisoma polepole mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiembu. Mtu yule hakuwahi kuwekewa mikono na askofu, hakuwa padri. Misa tulizohudhuria kwake kwa miezi mitano hazikuwa Misa. Maungamo hayakuwa maungamo, ingawa Mungu anajua toba ya kila mmoja. Ndoa mbili alizozifungisha zilihitaji kurekebishwa. Waliotaka kuungama upya, yeye angekaa kanisani hadi wa mwisho atoke.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Nakumbuka jinsi kila mmoja alivyojiepusha kumtazama jirani yake, kwa sababu wote tulikuwa tukifikiri jambo lile lile: yuko mahali fulani, na anajua tulichomwambia. Mjane wa ndizi alitoka kabla ya baraka. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia kwa dada yake Kinoru, upande wa Meru, na kibanda chake sokoni kikachukuliwa na mwingine.

Watu walipoondoka, padri aliniita mbele. Alikuwa amefungua tabernakulo.

"Hostia hizi," akasema, "ni zake au ni zangu?"

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Mara ya mwisho yeye mwenyewe alipoadhimisha Misa kwetu kabla ya yule mtu kuja, zilibaki nyingi. Yule mtu naye alikuwa akiongeza zake juu ya zile, kwenye chombo kile kile, kila Jumapili. Tulikuwa tumezipigia magoti zote.

"Zimechanganyika, Fada."

"Zipi ni zipi?"

"Hakuna anayeweza kujua."

Alipiga goti. Kisha akaanza kuzila, moja baada ya nyingine, bila haraka, macho yamefumbwa. Nilipiga magoti pia. Sikuwa na hakika napigia magoti nini. Nilijua kwamba ndani ya chombo kile mlikuwa na Bwana na mlikuwa na mkate mtupu, vimelala bega kwa bega, vyeupe sawa, vyembamba sawa, na mimi niliyesugua chombo hicho miaka tisa sikuweza kutofautisha. Alipomaliza alisafisha chombo kwa maji, akayanywa, akaacha mlango wa tabernakulo wazi. Mimi ndiye niliyezima taa nyekundu.

Niliungama kwake siku hiyo hiyo. Nilimwambia habari ya kitambaa, ya majina, ya kitunguu. Nilimwambia nilijua siku kumi na moja kabla mama hajafa, na nikanyamaza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama alipokea nini, Fada?"

"Kutoka kwa yule mtu, hakupokea kitu," akasema. Hakujaribu kulainisha. "Lakini Mungu hafungwi na mikono yetu. Mama yako aliomba kwa moyo wote. Yeye namwachia Mungu bila hofu."

Hakusema kwamba na mimi ananiachia Mungu bila hofu. Alinipa kitubio, akaniondolea dhambi, na nilihisi uzito wa maneno yale kwa sababu sasa nilijua yakiwa matupu yanasikika vipi. Yanasikika sawasawa.

Mtu yule hakupatikana. Polisi waliandika maelezo. Katekista aliacha kazi yake ya kuongoza sala na siku hizi hukaa benchi la nyuma kabisa. Wapo pia wanaosema hadi leo, wakidhani sisikii, kwamba hawajawahi kuhubiriwa vizuri kama miezi ile mitano. Kuhusu siri ya mama, sikuwahi kuijua na sitaijua. Kuna wakati nikisahihisha madaftari ya watoto nawaza kwamba mtu mmoja tu aliye hai anamfahamu mama yangu kuliko mimi.

Jimbo lilitoa agizo kwamba padri mgeni aonyeshe kadi yake ya upadri kabla ya kuvaa. Kazi hiyo kwetu ni yangu. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, padri mstaafu, mvi kichwa kizima, ameletwa na gari la parokia. Nilimwomba kadi huku nikiona aibu. Hakukasirika. Aliitoa mfukoni akanipa, akageuka dirishani kusali peke yake.

Niliisoma mbele na nyuma. Ilikuwa na picha, muhuri, sahihi ya askofu. Nilikuwa nimeishika kwa muda nilipotambua kwamba sijui sahihi ya askofu wa jimbo lake inafanana vipi, wala muhuri wake.

"Iko sawa, mama?" akauliza bila kugeuka.

"Iko sawa, Fada."

Nikamfungulia kabati la mavazi, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi langu nimwangalie mikono.